Moshi wa mlimani na mama mwenye pumu

Dada, pole sana kwa hali ya mama. Umeuliza kama kitambaa kilicholoweshwa kinatosha kumkinga na moshi wa moto wa Kilimanjaro. Hakitoshi. Kinazuia lile jivu unaloliona juu ya majani ya migomba, lakini chembe ndogo kabisa, zile zinazobana kifua, zinapita. Mtafutie barakoa ya N95, ile inayochuja chembe ndogo, imkae vizuri puani. Alale chumba chenye madirisha machache, ziba upenyo wa chini ya mlango kwa khanga iliyolowa, na tafadhali msipike kwa kuni ndani. Pampu yake ya pumu iwe karibu na mkono wake, siyo kabatini. Akishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, au midomo ikibadilika rangi, msingoje kupambazuke. Hospitali moja kwa moja.

Na hao wanaolalamika kwamba wazimaji wanazembea, naumia nikiwasikia. Kumbuka moto wa Oktoba 2020: ulianzia Whona, kati ya vituo vya wapanda mlima vya Mandara na Horombo. Gari la zimamoto halifiki kule. Mamia ya watu walipanda kwa miguu, askari wa TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), wanafunzi wa Chuo cha wanyamapori cha Mweka, wanavijiji, wakaupiga moto kwa matawi mabichi na kufyeka vichaka ili ukose cha kula. Hewa kule juu ni nyepesi, upepo ukigeuka moto unaanza upya. Wakiomba maji ya kunywa na chakula, wapelekeeni.