Besi ya Precision: nusu mbili, pikapu moja

Shikamooni, mafundi. Besi ya Precision (gitaa la besi la Fender) ya kwaya yetu imezima nyuzi za D na G ghafla. E na A zinalia vizuri. Tununue pikapu mpya, kile kipande chenye sumaku kinachonasa sauti ya nyuzi? (Mwanjelwa, Mbeya)

Marahaba. Msinunue kwanza, kwenye besi ya zamani pikapu ya asili ni sehemu kubwa ya thamani yake. Tangu 1957 pikapu ya Precision ina vipande viwili, kimoja cha E na A, kingine cha D na G, na koili zake (waya mwembamba uliozungushwa kwenye sumaku) zimeungwa mfululizo. Koili moja ikikatika, besi nzima hunyamaza au hubaki na kisauti chembamba. Zikifa nyuzi mbili tu, koili yao imepigwa shoti. Mara nyingi ni ule waya unaounganisha vipande: umechubuka, unagusa athi (waya wa ardhi).

Chomekeni waya wa gitaa, fungueni volyumu na toni hadi mwisho, kisha pimeni ncha na shina la jeki ya mwisho wa pili wa waya huo, multimita ikiwa kwenye 20k. Pikapu nzima husoma kiloomu 10 au 11 hivi. Ikisoma 5, tafuteni hiyo shoti. Ikiandika 1 peke yake, koili imekatika. Mkifungua, msisukume sumaku: uzi wa koili, mwembamba kama unywele, umezungushwa juu yake moja kwa moja.

Tangu pikapu ibadilishwe besi inaunguruma, ila kila uzi una sauti nzuri. (Mafinga)

Nusu moja imeungwa kinyume. Koili hizi mbili zimepangwa kupingana ili muungurumo wa umeme ujifute, sasa unajumlishwa. Sikio halioni kasoro kwenye nyuzi kwa sababu kila uzi unasikilizwa na nusu moja tu. Geuza waya mbili za nusu moja, ulehemu upya. Usiguse nusu ya pili.

Jazz Bass yangu inaunguruma nikipunguza pikapu moja. (Iringa)

Ndivyo ilivyo. Pikapu zake mbili hufutiana muungurumo zikiwa sawa tu. Bandika karatasi ya shaba ndani ya shimo la pikapu, uiunge na athi, utapungua, hautaisha.

Nikigusa nyuzi na maiki pamoja napigwa na umeme. Nikate waya wa athi chini ya briji, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa? (Tukuyu)

Hapana, na usipige tena hapo kwanza. Gitaa halina kosa: amplifaya au mikisa haina athi, pengine kwa sababu ya ekstensheni ya pini mbili. Ukikata waya huo muungurumo utaongezeka, na hitilafu itabaki ikimsubiri mwimbaji. Mwite fundi umeme apime soketi za ukumbi.