Barua kwa mwanangu: kunguru wa Horombo

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako tumeupata. Mama yako aliusoma kwa sauti, akausoma tena kimoyomoyo, ndipo akanipa simu. Sisi wazima. Kahawa imechanua, mvua ndiyo inasuasua.

Umeuliza jambo moja tu. Mjukuu wangu ametazama taarifa ya habari, akakuuliza kama wanaokamatwa huko Marekani ni watu weusi peke yao. Sasa unataka kujua: uizime runinga kabisa, au umwache atazame huku ukimweleza? Nimelifikiria tangu asubuhi nikiwa migombani. Ila kwanza nikuulize mimi: hao wanaoonyeshwa na pingu, hutajwa majina? Au ni "mwanamume mweusi" tu, basi? Maana ugomvi wangu na kamera unaanzia hapo. Asiyetajwa jina hajaonyeshwa, ametumiwa. Najua ndugu zako wakinisikia hucheka. Wacheke.

Kisa cha wapiga filamu unacho, lakini unacho cha mama yako, chenye vicheko. Changu ni hiki. Nilikuwa bado mgumu, nabeba mizigo ya watalii wa Mlima Kilimanjaro, sijapata leseni ya kuongoza. Wakaja wageni na kamera yao, wakataka picha ya wapagazi wakipita msituni, chini ya kituo cha Mandara. Nilikuwa nimevaa buti zangu za Memorial, soko la mitumba la Moshi, zile za ngozi zenye kamba nyekundu, zinanibana kidole gumba lakini ni buti kweli. Mkubwa wao akazitazama, akamnong'oneza mkalimani. Mkalimani, Mchaga mwenzetu, akaja huku anaangalia pembeni: "Kaka, wanaomba uvue. Na hilo sweta pia." Sweta alilofuma mama yako! Wakanipa shuka ya Kimasai. Mimi, Mchaga wa Marangu, na shuka ya Kimasai, peku kwenye tope la baridi, mzigo kichwani. Tukapita. Wakasema turudie, eti naangalia chini mno. Mizizi yote ile, ningeangalia wapi? Tukarudia mpaka mwanga ukawaishia.

Fedha walilipa, siwezi kusema hawakulipa. Ada yako ya muhula ule ilitoka humo, kwa hiyo usinipe pole.

Kilichoniuma kilikuja baadaye, mkanda ulipoletwa tukakusanyika kwa jirani mwenye video. Msimulizi akataja miti, akataja maua. Kufika kituo cha Horombo akamtaja yule kunguru mwenye doa jeupe kisogoni, jina la Kiingereza, jina la kitaalamu, na chakula chake. Kisha nikatokea mimi. "Mpagazi mwenyeji," akasema, akahamia kwenye mawingu. Kunguru, mwanangu! Anayeiba mikate ya wageni! Wewe ulikuwa unaruka unapiga kelele "Baba! Baba!", halafu ukanyamaza, ukauliza viatu vyangu viko wapi. Sikukujibu siku ile.

Wala halikuanzia kwangu. Rebmann, mmisionari Mjerumani, aliiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, akaandika, na mabwana wa London wakambishia. Watu wa huku waliokuwa wakiamka nayo kila siku hakuna aliyewauliza. Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer akafika kileleni, na sifa zikaenda kwake na kwa mwenzake Purtscheller. Mzee Yohani Lauwo wa hapa hapa Marangu, anayetajwa kuwa mwongozaji wao, alisubiri hadi sherehe za miaka mia, 1989, ndipo habari zake zikaanza kuzagaa. Na Horombo tunayoizoea, Wajerumani walikiita kibanda kile Peters, kwa heshima ya Carl Peters, mtawala wao wa kikoloni, yule Mkono wa Damu aliyenyonga watu huku kwetu Kilimanjaro. Mnyongaji akapewa kibanda, mwongozaji hakupewa hata mstari.

Huko kwenu nako nakumbuka ile ripoti uliyonisomea Krismasi, ya tume ya Kerner, 1968. Rais Johnson aliunda tume baada ya ghasia za mijini, nayo ikasema waziwazi kwamba vyombo vya habari vinaitazama nchi kwa macho ya mzungu. Hayo hayakusemwa na mzee wa migombani. Tazama sasa: mtoto akiona sura kama yake kwenye pingu tu, anajua alikopangiwa kabla hajajua kusoma vizuri. Na polisi, na mwajiri, na mwalimu wake, wote wamekulia mbele ya runinga hiyohiyo. Hapo huna haja ya kumtafuta mtu mmoja mwenye roho mbaya. Mambo yanakwenda yenyewe, na kila mtu anarudi kwake jioni akijiona mwema.

Kwa hiyo ningesema zima. Lakini tena ipo ile Mei ya 2020, hapo hapo Minneapolis mnapoishi. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema mtu amefariki baada ya tatizo la kiafya. Ingeishia hapo. Ila binti wa miaka 17, Darnella Frazier, alisimama na simu yake akarekodi yaliyotokea, na dunia nzima ikalijua jina la George Floyd, mtu mweusi aliyeuawa na polisi. Kamera hiyohiyo ninayoilaani! Mama yako ndiye aliyenikumbusha, kwa furaha isiyokuwa ya lazima. Nikamwambia, sawa, lakini ilikuwa mkononi mwa nani? Akasema ndiyo hivyo, basi mtoto afundishwe kutazama, na ikibidi ashike yeye. Nimekosa la kumjibu, nikatoka kwenda kuangalia ng'ombe.

Basi la runinga sikuamulii. Nyumba ni yako na mumeo. Ingekuwa hapa Marangu ningekwisha kuichomoa, na waya ungekuwa darini, lakini nimesema sikuamulii na mama yako yuko hapa anasoma kila ninachoandika.

Jumapili nipigie, jioni yetu, asubuhi yenu, umpe mtoto simu. Nataka kumsimulia habari za Mangi Meli, chifu wa Moshi aliyenyongwa na Wajerumani. Kiswahili chake kikigoma wewe utafsiri, na usipunguze kitu.

Baba yako,
Marangu, Moshi