Profesa wenu wa mbegu anastaafu? Anzeni shambani

Wiki iliyopita nilipata habari niliyoisubiri muda mrefu: mwalimu wangu, mgunduzi wa mbegu za mahindi aliyetumikia chuo kikuu maisha yake yote ya kazi, amepitishwa kupewa tuzo ya heshima. Maelezo ya kumpendekeza niliyaandika mimi na, sitajifanya mnyenyekevu, niliyaandika vizuri. Tangu nidokeze jambo hilo, wasomaji wananiandikia. Mmoja hakuzunguka: “Profesa wetu wa mbegu anastaafu, tunataka kumfanyia kitu cha maana, tuanzie wapi?”

Ndugu yangu, anzeni shambani. Wasifu wake utafuata baadaye.

Nasema hivyo kwa sababu mapendekezo ya awali, ambayo wakubwa waliyaandika kutoka kwenye mafaili, yalirudi na sentensi moja: machapisho yake ni machache. Machache! Sentensi ile iliniuma, na hadi leo nikiikumbuka inaniuma. Aliyeiandika hajawahi kusimama kwenye kitalu cha mahindi wakati wa kuchavusha. Kazi yenyewe inaanza kwa kuvisha kila hindi changa kifuko cha karatasi kabla nywele zake hazijachomoza, ili chavua ya jirani isiingie. Mbelewele, yale maua dume ya kileleni yenye chavua, nazo zinafungiwa mfuko wao. Asubuhi yake unazikung'uta, unawahi kumwagia ile chavua kwenye nywele za mmea uliouchagua, unarudishia kifuko na kuandika juu yake nani kachavushwa na nani, na tarehe. Kwa penseli, maana wino huoshwa na umande. Halafu mmea unaofuata, na unaofuata. Mahindi hayajui Jumapili wala sikukuu. Nywele zikitoka zimetoka.

Na huo ni mwanzo tu. Tangu wazazi wawili wakutanishwe hadi aina mpya iidhinishwe, miaka 7 hadi 12 ni kawaida kwa mazao ya msimu. Kwa miti ya matunda ndiyo usiseme. Tufaha la Honeycrisp la Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, lilitokana na uchavushaji wa mwaka 1960 na likatolewa rasmi kwa wakulima mwaka 1991. Katikati hapo mti wake ulikuwa umeshaandikiwa kutupwa, mpaka mtafiti David Bedford alipoamua kuupa nafasi nyingine. Miaka 31 hiyo kamati ingeihesabu kuwa machapisho mangapi? Wanaoijua kazi hii huitazama mbegu. Gebisa Ejeta wa Chuo Kikuu cha Purdue alipopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009, alipewa kwa ajili ya mtama unaohimili ukame na gugu la kiduha.

Basi zamu yangu ilipofika nilimtafuta fundi sanifu aliyefanya kazi na mwalimu tangu wote wakiwa vijana. Alikuwa na madaftari ya shamba, majalada yametafunwa na mchwa lakini penseli inasomeka. Humo nilikuta mambo ambayo wasifu haukuwa nayo: mbegu wazazi alizozitupa na sababu zake, misimu iliyoungua kwa jua, na asili ya aina ambazo wakulima wanazijua kwa jina la kampuni inayoziuza. Mbegu haitembei na jina la aliyeigundua. Ni ninyi mtakaolirudisha. Orodhesheni kila aina iliyoidhinishwa, mtafute nani anaizalisha na inalimwa wapi. Orodhesheni na wanafunzi wake, hasa wale ambao sasa wana aina zao wenyewe.

Lakini kila kitu mkihakiki. Wazazi walioandikwa kwenye kumbukumbu za mwanzo za Honeycrisp ile ile walikuja kukataliwa na vipimo vya vinasaba.

Jambo jingine, na hapa mtanisamehe nikihubiri kidogo: msimpambe mzee wenu kana kwamba alifanya yote peke yake. Angalieni zao la ngano, ile ya mashina mafupi. Aina yake iitwayo Norin 10 ilitoka kwa Gonjiro Inazuka wa Japani mwaka 1935. Orville Vogel, mtafiti wa serikali ya Marekani aliyefanyia kazi zake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, aliichavusha na ngano za kwao, na mwaka 1961 ikatoka aina ya Gaines. Ila kabla ya hapo, miaka ya 1950, alikwishampa mtafiti mwenzake wa ngano, Norman Borlaug, mbegu za machotara yake azipeleke Mexico. Kwa kazi yake ya ngano Borlaug akapata Nobeli ya Amani mwaka 1970, na alistahili. Vogel alikuja kupewa Nishani ya Taifa ya Sayansi mwaka 1975, lakini nje ya fani yetu ni wangapi wanamjua? Alikuwa na mbegu mkononi akazigawa. Kwa hiyo ulizeni mzee wenu aliwagawia nani mbegu zake, na aya hiyo iwekeni juu kabisa. Mimi niliiweka juu, na naamini ndiyo iliyotubeba.

Sherehe fanyeni, keki kateni, sina ugomvi. Mwalimu wangu aliagwa kwa saa ya ukutani na hotuba iliyotaja kamati zote alizokalia bila kutaja hata aina moja ya mahindi, akapiga makofi kwa adabu. Kwenu hakikisheni angalau aina zake zinatajwa kwa majina, yeye mwenyewe akiwa anasikia.

Halafu mwulizeni mkuu wa idara ni nani anayekabidhiwa chumba cha baridi zinamohifadhiwa mbegu zake. Mbegu huzeeka hata humo. Zisipopandwa upya kila baada ya muda, uotaji unashuka hadi zinakufa, na kazi ya miaka yote inaisha mle ndani kwenye bahasha. Jibu lake liwe la maandishi, lenye jina la mtu, na mlipate kabla mzee hajarudisha funguo.