Picha kutoka za kijivu kwa dada mweusi: tatizo liko wapi na linaondokaje bila filta

Dada, nimesoma swali lako lote. Picha za mchana unatoka umepauka, za usiku uso unakuwa kama umepakwa unga, nywele zinaonekana bonge moja jeusi, na ukisimama na rafiki mweupe wewe unapotea. Wengi waliokujibu wamekwambia utumie filta ya kung'arisha. Achana nayo. Filta hiyo inapandisha mwangaza wa kila kitu na kufuta vivuli vinavyochonga shavu, pua na taya, kwa hiyo ukishaipitisha unabaki na uso bapa, wa kijivu kuliko mwanzo. Sababu ziko kadhaa na kila moja ina dawa yake.

Kwanza ujue kwamba kosa si la ngozi yako. Kwa miongo mingi maabara za kusafisha picha zilipima rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kama kadi ya Shirley, na ngozi yake ndiyo ikawa kipimo cha rangi sahihi. Sehemu ya msukumo wa kuboresha filamu ionyeshe rangi za kahawia vizuri ilitokana na malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao. Zama za kompyuta hazikulimaliza jambo hili: mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha utafiti kuhusu programu za kutambua jinsia kwa uso, na makosa kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7 huku kwa wanaume weupe yakiwa hayafiki asilimia 1. Simu za karibuni zina nafuu. Google walileta Real Tone, mfumo wa kamera wa kuonyesha ngozi nyeusi kwa usahihi zaidi, kwenye simu ya Pixel 6 mwaka 2021, na mwaka 2022 wakatoa kipimo cha rangi 10 za ngozi kilichoundwa na mwanasosholojia Ellis Monk. Hata hivyo simu nyingi bado zinabahatisha, kwa hiyo uamuzi uuchukue wewe.

Mwanga ndio unaobeba kazi kubwa. Ngozi nyeusi hufyonza sehemu kubwa ya mwanga unaoingia ndani yake, lakini mng'ao wa juu ya ngozi unabaki uleule kama wa mtu yeyote. Maana yake umbo la uso wako kwenye picha huchorwa na mng'ao, na uzuri wa mng'ao unategemea ukubwa wa chanzo cha mwanga na upande kinakotokea. Taa ndogo kali huacha doa jeupe kwenye paji na ncha ya pua, pembeni kukabaki giza. Dirisha kubwa lisilopigwa na jua moja kwa moja hutandaza mng'ao mpana na laini kuanzia juu ya shavu mpaka kwenye bega. Simama kiasi cha mita moja kutoka dirishani, geuka ili mwanga uje kutoka ubavuni na mbele kidogo, kisha upande wa giza weka karatasi ya manila nyeupe au shuka jeupe, karibu uwezavyo bila kuingia kwenye picha. Zima taa za chumbani. Balbu ya njano ikichanganyika na mwanga wa mchana, simu haijui ifuate upi, na rangi inayotoka katikati ndiyo hiyo ya majivu unayoilalamikia. Angalia na kuta: ukuta wa kijani hurudisha ukijani kwenye shavu, na hakuna marekebisho yanayouondoa vizuri.

Taa ya duara ambayo kila mtu anainunua siipendi ikiwekwa mbele ya uso kabisa. Inaua vivuli vyote. Ipandishe juu kidogo ya macho, isogeze pembeni, elekeza chini, na kama ina rangi za kuchagua, weka ile ya mchana, kiasi cha 5600K. Ukinunua taa yoyote, soma kwenye boksi kipimo cha CRI, yaani taa inaonyesha rangi kwa usahihi kiasi gani kati ya 100. Chini ya 90 wekundu ulio ndani ya ngozi ya kahawia mara nyingi hauonekani vizuri, hata taa iwe kali namna gani.

Sasa simu. Futa lenzi. Mafuta ya vidole na ya mashavu yakiganda pale huleta ukungu mweupe, na ukungu huo huonekana zaidi juu ya rangi nyeusi. Kisha ingia kwenye mipangilio ya kamera ya mbele uzime kile kinachoitwa urembo. Kwenye simu nyingi huja kimewashwa, na hulainisha ngozi na kuipandisha rangi bila kukuuliza. Baada ya hapo gusa uso wako kwenye kioo cha simu, shikilia mpaka kipimo cha mwangaza kijifunge, halafu telezesha alama ya jua.

Watu hutelezesha upande usiofaa kwa sababu hawajui kamera inafanya nini. Kamera hupima mwangaza kwa kudhani kwamba wastani wa kinachoonekana ni kijivu cha katikati. Uso mweusi, nywele nyeusi na ukuta wa giza vikijaza picha, inaona kuna kiza kingi mno, inapandisha, na weusi wako unageuka kijivu. Hapo shusha kidogo, kati ya -0.3 na -0.7. Ukiwa mbele ya anga, ukuta mweupe au dirisha, kinyume chake: inaona mwanga mwingi, inashusha, na uso unazama. Hapo pandisha kwa kiasi hichohicho, au bora zaidi, badilisha mahali pa kusimama. Fulana nyeupe inayojaza nusu ya picha huleta kosa hilihili la pili, ndiyo maana unaona mavazi yametoka safi na uso haupo. Rangi zinazokaa vizuri karibu na uso mweusi ni zile zilizokolea: chungwa, manjano ya haradali, zambarau, bluu iliyoiva, kijani cha majani. Kahawia inayolingana na ngozi yako huhitaji mwanga wa ubavuni, vinginevyo shingo na nguo vinakuwa kitu kimoja.

Tumia kamera ya nyuma na kipima muda cha sekunde 10, simu ikiwa mita moja na nusu hivi mbali nawe. Selfi ya mkono uliokunjwa hukuza pua na kupunguza masikio; ni umbali tu, wala pua yako haina neno.

Kuhusu nywele kuwa bonge: nyeusi juu ya nyeusi haisomeki. Simama mita moja au zaidi mbele ya ukuta, na uwe ukuta wa rangi ya kati, si mweusi wala mweupe kabisa. Kisha weka taa ndogo nyuma yako upande mmoja, juu kidogo ya bega, isionekane. Afro hapo inapata ukingo unaong'aa na kila mkunjo unaonekana. Kwa misuko, picha inayoonyesha kazi ya msusi ni ile inayopigwa kutoka juu kidogo, mwanga ukipita kukata mistari badala ya kuifuata. Twisti usizifungue zikiwa na unyevu. Hata kama nje zimekauka, katikati zikiwa na maji zinavimba na umbo linapotea kabla hujafika unakokwenda. Vile vipande vyeupe vinavyojitokeza kwenye nywele za mbele mara nyingi si mba, ni jeli inayogombana na krimu uliyotangulia kupaka. Changanya kidogo ya kila moja nyuma ya kiganja: ikifanya mabonge hapo, itafanya mabonge kichwani. Wigi la lesi lionekane kama kichwa chako, paka faundesheni ya rangi yako chini ya lesi. Na naomba hili ulichukulie kwa uzito: msuko unaouma, unaotoa vipele kwenye paji au unaokunyima usingizi, fungua hizohizo za mbele siku ileile. Nywele za mbele zikivutwa mwaka hadi mwaka hukatika zisirudi, na hakuna picha inayostahili bei hiyo. Rasta za nywele bandia ziondoe baada ya wiki 6 hadi 8.

Mekapu ndiyo yenye kesi ya unga mweupe. Poda nyingi zisizo na rangi, pamoja na mafuta ya kukinga jua yenye titani au zinki, hurudisha mwanga wa flashi moja kwa moja kwenye lenzi. Kwenye kioo huoni kitu. Kwa hiyo kabla ya kutoka usiku, zima taa, jipige picha moja kwa flashi, utazame chini ya macho na kando ya pua. Kama kuna weupe, hiyo poda ni ya mchana tu. Tumia poda yenye rangi yako, kidogo, mahali panapotoa mafuta pekee, na mashavu uyaache yang'ae, kwa sababu ule mng'ao ndio unaochora uso. Mafuta ya jua usiyaache kwa ajili ya picha. Madoa meusi ya chunusi hukolea kwa jua. Tafuta yenye rangi, iliyowekwa oksidi za chuma: haziachi weupe, na zinazuia pia mwanga unaoonekana, ambao huchochea madoa kwenye ngozi nyeusi.

Faundesheni ipime kwenye taya, dirishani, usubiri dakika 10, maana nyingi hugeuka rangi zikikauka. Wengi wetu paji na kuzunguka mdomo ni peusi kuliko mashavu. Hilo ni la kawaida, usilifute lote, linganisha na shingo na kifua. Chini ya macho ndipo ukijivu unapozaliwa: konsila nyeupe juu ya weusi wenye ubluu hutoa majivu. Tanguliza safu nyembamba ya krimu ya kusawazisha yenye rangi ya chungwa, au nyekundu ukiwa mweusi tii, ndipo konsila isiyozidi ngozi yako ngazi mbili. Mwili nao usisahaulike. Paka losheni ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, kisha matone machache ya mafuta, uwahi viwiko, magoti na vifundo vya vidole, robo saa kabla ya kuvaa.

Usiku ukiwa na marafiki, acha flashi. Mwombe mmoja awashe tochi ya simu yake, aifunike kwa tishu nyeupe, aishike pembeni juu ya usawa wa kichwa. Au sogea kwenye taa za rangi za ukumbini. Nyekundu na bluu hukaa juu ya ngozi nyeusi kwa uzuri ambao ngozi nyeupe haupati. Kwenye picha ya kundi, aliye mweusi zaidi akae karibu na chanzo cha mwanga, aliye mweupe arudi hatua moja, na mguso wa kupima uwe kwenye uso mweusi zaidi. Anayepiga akikataa, chukua simu upige wewe. Video ikitoa mistari inayotembea, ni taa zinazomemeteka: weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha, iwe 1/50 ya sekunde kama umeme wa hapo ni wa hezi 50, au 1/60 kama ni wa hezi 60.

Kwenye kuhariri, usiguse kitufe cha mwangaza. Inua vivuli kidogo, pungufu ya robo ya kipimo, ongeza utofauti ili weusi urudi kuwa weusi, na joto kidogo la rangi. Kama programu yako inagawa rangi, ngozi yako iko kwenye chungwa na nyekundu. Usipandishe mwangaza wa chungwa, hapo ndipo watu hujichubua bila kujua. Hifadhi picha ya wima ikiwa 1080 kwa 1350, video 1080 kwa 1920, na uposti faili halisi. Ikishapitia kwenye gumzo hubanwa, na mabaka huanza kwenye sehemu za giza, yaani kwako.

Mahali ulipo uposti ukishaondoka, na zima kamera isirekodi eneo. Kitambulisho cha kazini, namba ya gari na msimbo wa tiketi vikionekana, kata. Maoni ya kukejeli rangi au nywele yasikufanye ufunge ukurasa: kwenye mipangilio kuna orodha ya maneno ya kuficha, jaza matusi yote unayoyajua, yakiandikwa kwa kila namna, pamoja na vikaragosi vinavyotumika kudhihaki. Andika orodha hiyo siku ambayo huna hasira, utakumbuka mengi zaidi.

Ukurasa ukikua utafuatwa na wauza krimu. Inayoahidi kung'arisha ngozi ndani ya siku chache ikatae hata walipe vizuri. Zebaki, haidrokwinoni na steroidi zimekutwa mara nyingi kwenye bidhaa za aina hiyo, na zebaki huharibu figo. Kwa wale unaokubali kufanya nao kazi, kabla ya kupiga picha hata moja, mkataba utaje picha zitatumika wapi na kwa miezi mingapi, na uwe na sentensi inayosema rangi ya ngozi, umbo la uso na aina ya nywele havitabadilishwa bila idhini yako ya maandishi. Wakisema hilo ni jambo dogo lisilohitaji kuandikwa, waombe waliandike kwa sababu hiyohiyo.