Kile kiti cheupe nyuma ya bibi harusi

Mkuu, umeuliza kwa nini kila unayemwonyesha ile picha yako anaanza na "hicho kiti kinafanya nini hapo?" Lenzi yako haina kosa. Kiti cha plastiki kimepigwa na jua la saa saba mchana, ndicho kitu kinachowaka kuliko vyote humo, na jicho hukimbilia penye mwanga kabla mtu hajajua anatafuta nini.

Mimi hilo limenitia aibu. Mwaka wangu wa kwanza wa kupiga harusi nilimpelekea mama mmoja albamu ambayo shela inawaka kama karabai na uso wa binti yake hauonekani vizuri. Akaniambia, "Mwanangu, nilikulipa upige nguo?" Nikakosa jibu. Nikarudi kwenye kompyuta nikapandisha mwanga wa picha nzima. Uso ukapanda, shela nayo ikapanda mpaka ikaungua, nakshi zote zikapotea. Ndipo nikaelewa kwamba uso hauonekani kung'aa mpaka majirani zake wafifie.

Siku hizi kwanza natembea. Hatua mbili tu kushoto, kiti kinajificha nyuma ya mtu. Halafu namgeuza bibi harusi: uso uelekee dirishani, mwili ukae upande, shela isipokee mwanga wote. Kamera naipangia isiunguze shela, maana uso uliofifia kidogo utauinua baadaye, lakini nguo iliyoungua hairudi.

Ukiwa na flashi isiyokaa juu ya kamera, isogeze karibu na mtu. Kilicho mita 2 kutoka kwenye flashi hupata robo tu ya mwanga unaofika mita 1; cha mita 4 hupata sehemu moja ya 16. Basi flashi ikiwa karibu na uso, ukuta wa nyuma unazama gizani wenyewe. Ukiiweka mbali, uso na ukuta vinakaribia kulingana, na kiti chako kimerudi mjini.

Kuhariri ni mwisho, tena kwa brashi ya kwenye kompyuta, sehemu kwa sehemu. Wazee wa chumba cha giza, waliosafisha picha za filamu, walifanya hivyo kwa viganja na vipande vya kadibodi: karatasi ya picha huwa nyeusi inapopigwa na mwanga, basi pa kung'aa wanapakinga na taa, pa kufifia wanapaongezea sekunde.

Ila usikariri kwamba anayeng'aa ndiye mshindi daima. Wale vijana wanaojirusha baharini Forodhani, Zanzibar, jioni huwa weusi tii mbele ya anga inayowaka, na bado jicho linawafuata wao. Anayejitenga na wenzake ndiye anayeonekana.

Picha yako usiifute. Iangalie kwanza ikiwa ndogo kama stempu, ufinye macho, uone ni kipi kinachobaki. Kisha kishushe kiti mwanga, lakini polepole. Ukizidisha kitakuwa doa la kijivu, na watu watauliza kimepatwa na nini.