Mwanangu, picha isiende bila habari yake

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa uani nasonga bukari, hata ikashika chini. Unasema huko Brussels wamekualika kuonyesha kazi yako pamoja na wachoraji wengine tisa, wa turubai na wa mitaani, wote watu wa kuwachokoza wakubwa. Halafu ukauliza: "Mama, mchoro niliouchora usiku chini ya daraja la reli bila ruhusa ya mtu, nikiurudia kwenye ubao nikaupeleka ndani ya ukumbi wenye walinzi, si nitakuwa nimeuua?" Ukanitajia yule Banksy, mchoraji wa mitaani wa Uingereza anayejificha jina lake, ambaye mwaka 2018 kule London picha yake ilianza kujikatakata ndani ya fremu mara tu nyundo ya mnada ilipogonga. Mwaka 2021 picha hiyo hiyo, nusu yake ikiwa vipande vinavyoning'inia, ikauzwa zaidi ya pauni milioni 18. Sauti yako ilishuka hapo. Ukasema hata tusi wanalinunua.

Nitakujibu kwa picha iliyokuwa sebuleni kwetu. Wewe hudai kuikumbuka.

Nkambo, yaani babu yako, aliinunua miaka ya 1970 kwa mchoraji aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba, kazi zake kwapani. Ilikuwa Colonie Belge, yaani koloni la Ubelgiji, kama tulivyoziita zote za namna ile. Hapa Lubumbashi nyumba nyingi za wafanyakazi zilikuwa nayo, pengine ubavuni mwa Mamba Muntu, yule mwanamke samaki. Mfungwa amelazwa kifudifudi, nguo zake za mistari myeusi na ya njano zimeteremshwa. Askari mweusi ameinua kiboko. Mzungu amesimama pembeni, kiko mdomoni, na bendera ya Ubelgiji iko juu ya jela. Mimi ndiye niliyekuwa naifuta vumbi kila Jumamosi, kwa hiyo naijua hadi mgongoni. Ilichorwa juu ya kitambaa cha gunia la unga. Ukiigeuza ulisoma herufi za buluu za kiwanda, zimekatwa katikati ya neno. Damu ilikuwa mistari mitatu mifupi tu, lakini rangi yake nene, ukipitisha kidole inakukwaruza. Nilikuwa napitisha kidole hapo kila mara, sijui kwa nini.

Siku moja, enzi za Mobutu, alikuja mtu wa chama, akaketi chini yake akapewa chai. Akaitazama kwa muda. Akauliza: "Baba, hii ni nini?" Nkambo wako akajibu: "Ni wakati wa Wabelgiji." Basi. Mimi nilikuwa mtoto, nimesimama mlangoni, na hata mimi nilijua kwamba yule askari wa kiboko tulikutana naye juzi tu barabarani. Mgeni naye alijua. Lakini angesema nini? Bendera ilikuwa ya Ubelgiji. Alimaliza chai yake akaaga.

Ndiyo maana hofu yako ya paa na walinzi siwezi kuikubali, mwanangu. Ukaidi wa wachoraji wetu ulikaa ndani ya nyumba, juu ya kochi, mahali ambapo wageni walilishwa.

Nisikudanganye, si kila brashi ya mji huu ilikuwa hivyo. Tangu 1946 karakana ya Mfaransa Romain-Desfossés ilitoa mabingwa kina Pilipili, Mwenze na Bela, huyu wa mwisho akichora kwa vidole vyake. Ndege na samaki wao ni wazuri ajabu, nawapenda, ila sidhani kuna mkubwa aliyekosa usingizi kwa ajili yao. Tshibumba Kanda Matulu alikuja na jambo jingine. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia ya nchi nzima, picha karibu 100, na mwenyewe alijiita mwanahistoria. Lumumba, aliyeuawa karibu na mji wetu tarehe 17 Januari 1961, alimlaza chini na nyuma yake akaweka misalaba mitatu, ili kila aliyekwenda kanisani aelewe bila kuelezwa. Na hakumkabidhi yule mgeni picha tupu. Alikaa naye mbele ya kinasa sauti, akazisimulia kwa Kiswahili chetu cha huku. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hajulikani alikokwenda. Picha zile ziko Amsterdam, na mtoto wa Katuba, mtaa wa hapa mjini kwetu, akitaka kuziona anahitaji viza. Hilo linaniuma, sitalificha. Lakini maneno yake yamo pamoja nazo, na hakuna anayeweza kuyageuza mapambo.

Yetu haikubahatika hivyo. Mwaka 1993 mishahara ilikuwa imekatika, na nyumbani tulikuwa tunakula mara moja kwa siku. Akaja mgeni mwenye gari anayekusanya picha za zamani. Nkambo wako alimpa kwa bei ya magunia mawili ya unga. Gari lilipoondoka akabaki amekaa kwenye kiti chake, akasema: "Nimempa picha, habari sikumpa. Wala hakuuliza." Hadi anakufa alikuwa akiirudia hiyo. Umaskini alikwisha uzoea. Kilichomla ni kufikiri kwamba mahali fulani wageni wanaitazama na kusema rangi zake ni za kupendeza.

Kwa hiyo nenda. Ule wa darajani uache hapo hapo. Wakija kuupaka rangi, waupake. Huo wa ukumbini andika maelezo yake mwenyewe, kwa Kiswahili kwanza, kisha Kifaransa. Wasikuandikie wao. Wakisema ni marefu, kataa kuyafupisha. Na anayetaka kununua asimame kwanza asikie, hata kama wewe unatetemeka na yeye ana haraka. Kuuza si dhambi, mwanangu. Sisi tulikula ule unga, na wewe pia uliula.

Maana ulikuwa na miaka mitano. Ulikuwa umekaa kwenye mkeka wakati yule mtu anaishusha picha ukutani, ukalia, ukasema amchukue Mzungu amwache aliyelala. Sasa umenitumia mchoro wako, mtu wa makala, yaani mkaa, anayesukuma baiskeli yenye magunia hadi juu ya kichwa, na umemvika nguo za mistari myeusi na ya njano. Unasema zimekujia tu kichwani. Mimi najua zimetoka wapi, na hilo nalo uliandike kwenye maelezo, na jina la nkambo wako uliweke.

Siku ya ufunguzi nipigie. Usinionyeshe uso wako, nitauona siku nyingine. Iache simu juu ya kiti karibu na mtu wa makala, nisikie watu wakipita wanasema nini.

Mama yako