Mwanangu, kuhusu Elvis: mwizi au alikuwa na chake?

Mwanangu mpenzi,

Voisi noti yako nimeisikiliza yote hadi mwisho, na kelele za wenzako nyuma nazo nimezisikia. Unauliza Elvis Presley alikuwa na chake mwenyewe au alikuwa mwigaji tu, aliyechukua muziki wa weusi akauuza kwa sura ya kizungu. Rafiki yako anasema ni mwizi, hakuna cha kujadili, na ushahidi wake ni ule mstari wa kundi la rap la weusi la Public Enemy kwenye wimbo wao Fight the Power wa 1989, kwamba kwao Elvis hakuwahi kuwa na maana yoyote. Umeniuliza mimi kwa sababu umekua na zile santuri za marehemu mjomba wako humu ndani na unajua napenda sauti ya huyu mtu, basi nakuandikia kabisa maana kwa simu haya hayaishi.

Mi naona mnabishania vitu viwili mkidhani ni kimoja. Kuna suala la kuimba, na hapo Elvis alikuwa na chake, tena chake hasa. Halafu kuna suala la nani alilipwa na nani hakulipwa, hapo rafiki yako ana haki ya kukasirika na mimi nakasirika pamoja naye. Ila la pili halithibitishi la kwanza.

Tuanze na That's All Right. Wimbo ni wa Arthur Crudup, mtu mweusi wa Mississippi, aliurekodi 1946. Tarehe 5 Julai 1954 Elvis ana miaka 19, kazi yake kuendesha lori la kampuni ya umeme, yuko kwenye studio ya Sun kule Memphis na Scotty Moore kwenye gitaa na Bill Black kwenye besi, wamehangaika na nyimbo za taratibu hazitoki, wamechoka, wakapumzika kidogo, ndo kijana akaanza kuruka ruka anauimba huo wa Crudup kama mchezo tu, wenzake wakaingia nao, na Sam Phillips mwenye studio akatoa kichwa akauliza mnafanya nini hapo, wakamwambia hata sisi hatujui, akasema basi rudini mwanzo.

Sasa naomba usikilize rekodi zote mbili usiku huu, moja baada ya nyingine, kwa hedifoni. Crudup ana drams, Elvis hana, na bado ya Elvis ndo inakimbia zaidi, kwa sababu Bill Black anaipiga ile besi kwa kiganja hadi inalia kama ngoma. Crudup anaimba kama mtu aliyechoshwa, maneno anayasukuma kutoka kifuani. Elvis anaimba kama mtu ambaye ameshafika barabarani na anafurahi kuondoka. Maneno karibu ni yaleyale lakini mtu anayesema ni mwingine kabisa. Mimi nimefundisha kwaya maisha yangu yote, nakwambia kuiga sauti ya mtu ni rahisi, watoto wa Sunday school wanaweza, kubadilisha anayesema ndani ya wimbo uleule ni kazi ambayo watu wengi wenye sauti nzuri hawajawahi kuiweza.

Na mwambie rafiki yako kwamba hata Crudup, baadhi ya hiyo mistari ilikuwa imeshaimbwa na Blind Lemon Jefferson tangu 1926. Simsemi vibaya, bluzi ndivyo ilivyokuwa, mistari inapita mdomo kwa mdomo kila mtu anaishona kwake. Tukisema aliyechukua mstari hana chake basi Crudup naye hana chake, na hilo siwezi kulikubali hata kidogo.

Halafu geuza santuri. Upande wa pili ni Blue Moon of Kentucky, wa Bill Monroe, mzungu wa kantri, na watu wakibishana kuhusu Elvis upande huu huwa wanausahau. Monroe aliuimba taratibu kwa mapigo matatu matatu. Elvis na wenzake wakauvunja wakauweka kwenye mapigo manne, wakaumwagia bluzi. Unajua Monroe alifanya nini? Mwaka huohuo wa 1954 akaurekodi upya wimbo wake mwenyewe, anaanza na yale matatu ya zamani halafu anaruka kwenye manne, yaani mwenye wimbo kamfuata aliyeuchukua. Mwigaji mtupu hafuatwi hivo.

Ndo maana mtangazaji Dewey Phillips alipoupiga That's All Right kwenye redio pale Memphis simu zikamiminika, na alipomleta kijana studio akamuuliza umesoma shule gani, akajibu Humes, na shule wakati huo zilitengwa kwa rangi, kwa hiyo jina la shule tu likawaambia wasikilizaji kuwa ni mzungu. Wengi walikuwa wamedhani ni mweusi. Hakuwa anaficha alikotoa. Mwaka 1956 gazeti moja la Charlotte lilimhoji akasema wazi kwamba weusi walikuwa wakiuimba na kuupiga muziki huo miaka mingi kabla yake, kwamba ameutoa kwao, na akamtaja Crudup kwa jina. Mwaka uliofuata akaliambia jarida la Jet, ambalo ni la weusi, kwamba yeye hawezi kuimba kama Fats Domino, mwimbaji mweusi, na anajua hilo.

Usidhani lakini kwamba namtetea kwenye kila kitu. Ule mwaka 1953 alipoenda pale Sun kulipia mwenyewe arekodi, dada wa mapokezi Marion Keisker alisimulia baadaye kuwa alimuuliza unaimba kama nani, naye akajibu siimbi kama mtu yeyote. Watu wanalipenda sana hilo jibu. Mimi nikisikiliza alichorekodi siku hiyo naona halikuwa kweli bado, mojawapo ni wimbo wa Ink Spots, kundi la waimbaji weusi, na anawafuata hadi sehemu ya kuongea katikati, ni kijana anayetafuta. Hound Dog nayo, mwimbaji mweusi Big Mama Thornton aliirekodi 1952 na ukiisikia hiyo ya kwake utajua ni mwanamke anamfukuza mwanaume mnyonyaji nyumbani kwake, ina meno. Elvis hata hakuichukua kwake, aliichukua kutoka kwa Freddie Bell na bendi yake aliyowaona Las Vegas 1956, wao walikuwa wameshabadilisha maneno ikawa kweli kuhusu mbwa na sungura. Ya Thornton naipenda zaidi na nitasema hivyo popote. Ila watunzi wake ni Leiber na Stoller, vijana wawili wa Kiyahudi, wazungu, kwa hiyo hata hapo hesabu ya nani kachukua cha nani haiendi kirahisi kama inavyosemwa.

Lakini kama unatafuta kuiga kwenyewe kuko wapi, msikilize mwimbaji Pat Boone. Mwaka 1955 alichukua Ain't That a Shame ya Fats Domino, ikapanda hadi namba moja kwa Pat Boone, na haina chochote ambacho Domino hakuwa nacho, ina pungufu tu, imefuliwa hadi imepauka. Wote wawili wazungu, wote wamechukua kwa weusi, miaka ileile, Marekani ileile. Ukiniambia Elvis na Pat Boone ni kitu kimoja basi masikio hujayatumia.

Kuna mfano mwingine ndo ninaoupenda kuliko yote, Suspicious Minds. Mark James aliutunga akaurekodi mwenyewe 1968, haukwenda popote. Mwaka uliofuata Elvis akaenda kwa prodyuza yuleyule, Chips Moman, Memphis, na mpangilio karibu uleule. Hapo huwezi kusema kabadilisha mapigo wala nini. Kilichobadilika ni koo tu, na ukawa namba moja. Mark James anaimba wimbo mzuri kuhusu ndoa yenye mashaka, Elvis anaimba kama ndoa ni yake na inavunjika saa hiyohiyo. Huo uimbaji haukutoka kwa Crudup peke yake wala kantri peke yake, uko wa kanisa la Assembly of God alikokulia Tupelo, uko wa kanisa la weusi la mchungaji Brewster alikokuwa anaenda kusikiliza Memphis, uko wa kwateti za gospo, yale makundi ya waimbaji wanne, uko na waimbaji Mario Lanza na Dean Martin ndani. Tuzo zake tatu za Grammy zote ni za gospo, watu hawalijui hili. Nani mwingine alikuwa nayo yote hayo kwenye koo moja mwaka 1954? Mi simjui.

Sasa wizi. Wizi upo, ila rafiki yako anautafuta kwenye sauti wakati uko kwenye karatasi. Chukua santuri ya Don't Be Cruel ya mjomba wako, soma yale maandishi madogo chini ya jina la wimbo, utaona Otis Blackwell na Elvis Presley. Elvis hakutunga hata mstari. Blackwell, mtunzi mweusi wa Brooklyn, aliambiwa akitaka Elvis auimbe akubali kugawana, akakubali, angefanyaje. Na Blackwell ndo alikuwa anaimba demo, zile rekodi za mfano, ambazo Elvis alizifuata kwa karibu sana, hawakuwahi hata kuonana. Hilo kwangu ni baya kuliko kuimba wimbo wa mtu, kwa sababu lilifanywa kwa makusudi na kwa kalamu.

Na Crudup. RCA Victor ndo kampuni iliyotoa santuri yake ya That's All Right, na RCA hiyohiyo mwishoni mwa 1955 ikamnunua Elvis kutoka Sun kwa dola 35,000. Crudup aliacha kurekodi kwa sababu ya ugomvi wa malipo, akaishia kufanya vibarua mashambani Virginia, akafa 1974 hajapata mirabaha aliyostahili. Big Mama Thornton mwenyewe alisema Hound Dog ilimpa cheki moja ya dola 500 basi. Crudup alianza kudhulumiwa kabla Elvis hajaingia studio, meneja wake na kampuni walikuwa wameshamla, lakini Elvis kufikia 1957 alikuwa na jumba lake la Graceland na sauti ambayo kampuni nzima ilikuwa inaisubiri asubuhi, alijua jina la Crudup, aliwahi kulitaja gazetini, na neno moja kutoka kwake kwa hao wakubwa lingefungua mlango. Sijawahi kumsamehe kwa hilo, na bado nampenda kama mwimbaji, yote mawili nayabeba.

Kwa hiyo fanya hivi, wawekee wenzako rekodi ya Mark James halafu ya Elvis bila kusema lolote kwanza, halafu Crudup, halafu Monroe wa 1954. Rafiki yako mwambie kwenye la hela mama yuko upande wake, kwenye la sauti asikilize upya. Nijulishe amesemaje.

Mama yako